Kitabu cha picha na amani ya watoto wetu

Akina mama na akina baba mliokimbia makwenu, nanyi mashefu wa mitaa, leo tuzungumze juu ya vitabu vipya vya picha vya watoto wadogo.

Mtaniuliza: "Hatuna unga, hatuna turubai, nawe unatuletea habari ya vitabu?" Mna haki ya kuuliza. Lakini mtoto aliyezaliwa baada ya mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020, kisha akakimbizwa na vita vya Desemba 2025, ameona mengi asiyoweza kuyasema. Mwonyeshe picha ya nyumba, atakueleza kwao palivyokuwa. Hapo maneno huanza kutoka.

Kuomba vitabu vya Kiswahili si kuomba upendeleo. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 1, inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Sheria ya elimu ya 2014 nayo inakubali mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake. Na vitabu vipo. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, mradi wa vitabu vya watoto ulianzishwa tangu 1991. African Storybook, kazi iliyoanza Afrika Kusini, inatoa hadithi zenye picha, za Kiswahili pia, na kila mtu anaruhusiwa kuzichapa bila kulipa.

Lakini kabla hamjampa mtoto kitabu, kifungueni ninyi wenyewe. Tazameni nani amechorwa mwerevu na nani mjinga, nani ameshika mkuki. Kama mfugaji ni mwizi siku zote, au mkulima ni mkorofi siku zote, kitabu hicho kinapanda mbegu ambayo matunda yake tumekwisha kuyala. Mkiona picha ya ng'ombe shambani, waulizeni watoto: "Ninyi mngefanya nini?" Mtoto wa Mfuliiru, wa Mvira, wa Mbembe, wa Munyamulenge na wa Murundi wajibu pamoja, bila mmoja kuchekwa kwa matamshi yake.

Mashefu, vitabu vikifika, vihesabuni mbele ya watu wote. Kitabu cha msaada hakiuzwi. Viwekeni katika sanduku moja lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mama wa wakimbizi, mwingine kwa mama wa wenyeji. Hivyo sanduku halifunguki mpaka wakutane.

Nawe mzazi usiyejua kusoma, usione haya. Picha haina herufi. Keti na mtoto, muulize anaona nini, kisha umsikilize mpaka amalize.

Samaki mkunje angali mbichi.