Kuhusuriwa kwa Ngome ya Mvita na Kazi ya Tezi za Mwili



Hakuna mkaazi wa Mji wa Kale wa Mvita, awe wa Kibokoni, wa Kuze au wa Mlango wa Papa, asiyeijua Ngome kwa umbo lake, na wengi wetu twazihifadhi hata tarehe zake: kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, kwamba merikebu za Imamu Seif bin Sultan wa Omani zilifika Mvita tarehe 13 Machi 1696, na kwamba ngome ilitekwa tarehe 13 Desemba 1698, baada ya kuhusuriwa kwa muda wa miezi 33. Vitabu vya tarikhi vimeeleza kwa urefu habari za mizinga, za merikebu na za majemadari, wala sina nia ya kuvipinga. Ila naona vimepita haraka mno juu ya jambo moja, nalo ni hali ya viwiliwili vya watu waliofungiwa mle ndani, na jinsi viwiliwili hivyo vilivyoweza kudumu muda huo wote kwa chakula haba, maji haba na usingizi wa mang'amung'amu. Jambo hilo ndilo nililokusudia kulizungumza usiku huu.

Wareno waliokuwamo ngomeni siku ya kwanza hawakutimia mia. Walio wengi, mamia kwa mamia, walikuwa watu wa pwani hii hii, wake kwa waume pamoja na watoto wao, walioingia kutafuta himaya ya kuta. Na miongoni mwa wakubwa wao alikuwamo Bwana Daud wa Faza, ambaye tutamrejea baadaye.

Lau tungepata kumwuliza tabibu wa zama hizo sababu ya mtu kudhoofika au kupona, tungepata jibu moja kutoka pande zote mbili za ukuta. Tabibu wa Kiarabu aliyesoma Qanuni ya Ibn Sina, na tabibu wa Kireno aliyefunzwa elimu ya Jalinusi Myunani, walikuwa wakisimama juu ya msingi mmoja: kwamba mwili hutawaliwa na vioevu vinne, yaani damu, balghamu, safura na sauda, na kwamba siha ni kule kulingana kwa vinne hivyo, na ugonjwa ni kimojawapo kuwashinda wenziwe. Walitofautiana dini, lugha na bendera, wakaangamizana kwa baruti, ilhali walipougua walijitibu kwa itikadi moja. Elimu ya leo imeikataa hesabu ile ya vinne. Lakini katika asili ya fikra yenyewe, kwamba damu huchukua ndani yake vitu ambavyo mizani yake ndiyo afya, wazee wale hawakuwa mbali na haki, na Ibn Sina mwenyewe, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kuandika habari za utamu wa mkojo wa mgonjwa wa kisukari. Yatupasa kuwataja kwa heshima.

Ilibidi zipite karne mbili baada ya ngome kutekwa ndipo vitu hivyo vijulikane kwa hakika. Mwaka 1901 Mjapani Jokichi Takamine, akiwa Marekani, alifaulu kutenga kwa usafi wake dawa itokayo katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo, nayo ni adrenalini. Mwaka uliofuata, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walionyesha kwamba ukuta wa utumbo hutia katika damu kitu kinachoiamuru kongosho kumwaga maji yake, hata pale mishipa ya fahamu ilipokwisha kukatwa. Na mwaka 1905 Starling alivipa vitu vya namna hiyo jina la homoni. Tezi za mate na za jasho zina vijia vya kupitishia maji yake, ama tezi za homoni hazina kijia chochote. Humimina moja kwa moja ndani ya damu, na damu huieneza amri mwilini kote, na kila kiungo chenye kuielewa amri ile huitii.

Basi tuingie ngomeni. Mzinga unapolia usiku, kabla mtu hajatambua umelia upande gani, tezi za juu ya mafigo zimekwisha kumimina adrenalini, na katika muda wa sekunde chache moyo huenda mbio, mboni za macho hupanuka, pumzi huwa nyepesi, ini hutoa sukari iliyoiweka akiba, na damu huondoka tumboni ikaelekea kwenye misuli ya miguu na mikono. Mtu huyo sasa aweza kupanda ngazi za buruji akiwa na gunia la mchanga begani, naye jana alishindwa kulinyanyua. Lakini adrenalini haidumu. Baada ya dakika chache huvunjwa, na mwenye mwili hubaki akitetemeka, kinywa kikavu.

Ama kiu ni jambo zito zaidi, na hapa naomba mnivumilie niliseme kwa utuvu. Mwenye kuingia Ngomeni hata leo ataona hodhi kubwa iliyowekwa kukinga maji ya mvua, na ataona pia kisima chenye kina cha zaidi ya futi 70, kilichochongwa ndani ya mwamba kwa taabu kubwa, ambacho maji yake yalipopatikana yalikuwa ya chumvi, yakafaa kwa kuoshea tu. Mtu anapokosa maji kwa saa kadhaa chini ya jua la kaskazi, damu yake huanza kukolea chumvi, na kukolea huko kukizidi kiasi cha sehemu moja au mbili tu katika mia, kuna mahali chini ya ubongo panapong'amua. Hapo tezi ndogo mno inayoning'inia chini ya ubongo, kiasi cha punje ya kunde, iitwayo pituitari, huachia homoni ya kuzuia maji. Mafigo ya mtu mzima huchuja yapata lita 180 kila siku, na karibu zote huzirudisha mwilini. Homoni hii huyaamuru yarudishe hata yale kidogo ambayo yangetoka, na kwa hivyo mkojo huwa haba, mzito, wa rangi ya chai ya mkandaa. Wakati huo huo tezi za juu ya mafigo hutoa homoni nyingine, aldosteroni, yenye kuzuia chumvi isitoke, maana chumvi ikipotea maji nayo hayakai. Lakini mwenye kiu akishindwa kujizuia akayanywa maji ya chumvi nyingi, mafigo huhitaji maji mengine zaidi ya kuitolea chumvi ile, na mnywaji huwa ameikopa kiu ya kesho ili kuituliza ya leo. Nimesimama mara nyingi penye mdomo wa kisima kile, na sijaona mahali pengine mjini petu panaponionyesha kwa uwazi kama pale tofauti baina ya maji na uhai.

Sasa njaa. Nyinyi mnaofunga Ramadhani mwazijua hatua zake za mwanzo kwa miili yenu wenyewe. Damu yote ya mtu mzima ni lita tano hivi, na sukari iliyomo kabla hajala haizidi sana gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai. Ikipungua mno akili hupotea, ikizidi mno kwa miaka huharibu macho, mafigo na mishipa. Mizani hiyo hushikwa na kongosho kwa homoni mbili zinazokabiliana: insulini, ambayo baada ya kufuturu huiingiza sukari katika viungo na kuiweka akiba, na glukagoni, ambayo ifikapo alasiri huliamuru ini liitoe akiba ile. Insulini ilikuja kupatikana Toronto mwaka 1921, kwa jitihada ya Frederick Banting na Charles Best, na tangu hapo wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakifa watoto wakaanza kuishi.

Lakini saumu ina magharibi yake, na akiba ya ini haitoshi zaidi ya siku moja hivi. Katika ngome ile, ambamo Ramadhani zaidi ya moja ziliwapitia Waislamu waliokuwamo, pasiwepo hakika kwamba jua likizama chakula kitakuwapo, mwili ulilazimika kwenda mbali zaidi. Insulini ikishuka chini, mafuta ya mwili hufunguliwa, ini huyageuza kuwa chakula cha aina nyingine, na baada ya wiki kadhaa ubongo, ambao kwa desturi hutaka sukari, huridhika kupata karibu thuluthi mbili za mahitaji yake kutokana na chakula hicho. Mafuta nayo yana homoni yake, leptini, iliyogunduliwa na Jeffrey Friedman na wenziwe mwaka 1994; mafuta yakipungua, leptini hupungua, na ubongo hufahamu kwamba wakati wa dhiki umefika. Ndipo hutoa amri za kubana matumizi: tezi ya shingo, yenye kuuendesha moto wa mwili, hupunguza kazi yake, na mtu huhisi baridi hata mchana wa Mvita, na kwa wanawake amri zitokazo katika pituitari kwenda kwenye vifuko vya mayai hunyamaza, hedhi hukoma, na mlango wa uzazi hufungwa mpaka shibe irudi. Hakuna mganga aliyewafanyia haya. Ni mpango wenye hekima kubwa ajabu, aliojaaliwa mwanadamu tangu asili yake.

Hata hivyo mpango huo una gharama, na gharama yenyewe hulipwa kupitia kotisoli, homoni ya tezi zile zile za juu ya mafigo, ambayo uchunguzi wa jamii yake uliwapatia Kendall, Reichstein na Hench Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Kotisoli huja taratibu kuliko adrenalini na hukaa sana. Hulinda shinikizo la damu, na huigeuza nyama ya misuli kuwa sukari, hata mapaja na mabega yakakonda. Na ikikaa juu kwa miezi, askari wa damu wenye kupambana na maradhi hupunguzwa nguvu. Ndivyo ilivyokuwa ngomeni. Msaada wa Wareno kutoka Goa ulifika mwishoni mwa Desemba 1696, watu wakafurahi. Lakini mwaka uliofuata maradhi yalienea ngomeni, yakawakuta watu ambao miili yao ilikwisha kutoa kila ilichoweza kutoa, yakawafyeka kuliko mizinga ilivyopata kufanya.

Hadi mwisho wa Agosti 1697 Wareno wote wenye amri walikuwa wamekufa. Ngome ikabaki mkononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, wanaume wanane wa bara, na wanawake hamsini wa Kiafrika. Na hao ndio walioishika mpaka msaada mwingine ulipofika mwezi wa Septemba. Mwezi wa Oktoba merikebu Santo António de Tanná ilizama chini ya ngome, ikalala hapo mpaka wapiga mbizi walipoanza kuichimbua katika miaka ya 1970, na vitu vyake vingi vimo katika makumbusho yetu. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipopanda ukutani, waliobakia ndani walikuwa watu wa kuhesabika kwa vidole.

Majina ya makapteni yameandikwa yote. Ya wanawake wale hamsini hayakuandikwa hata moja, nao ndio walioistahimili njaa ile na kiu ile hadi pale ambapo wanaume wenye silaha walikwisha kuzikwa. Nionavyo mimi, tarikhi ya Mvita haijakamilika maadamu wao hutajwa kwa hesabu tu, mwishoni mwa sentensi. Basi msikilizaji, siku utakayowachukua watoto wako Ngomeni, uwapeleke kwanza penye hodhi na penye kisima, kabla hujawaonyesha mizinga, uwaeleze ni nani waliokuwa wakiteka maji pale mwaka 1697.