Alisema kwa Mikono Kwanza
Somo: Marko 7:31-37



Twasema nanyi kwa redio, nasi twajua kwamba katika nyumba nyingi za Kwale, Diani na Msambweni yuko asiyesikia hata neno moja. Maneno haya yatamfikia tu yakipigwa chapa.

Usharikani kwetu alikuwako bibi mmoja mzee aliyeacha kuja ibadani. Tukadhani imani yake imepoa. Tukachanga fedha, tukanunua vipaza sauti vikubwa, kisha tukamwita. Alikuja Jumapili moja tu. Ndipo tulipoketi mbele yake, tukamwuliza polepole. Akasema, "Wanangu, mmeongeza kelele, maneno hamkuongeza. Kwangu ni kama mawimbi yapigayo mwamba. Na chombo chenu mwakiweka mdomoni, hata midomo siioni."

Tuliona haya. Tulinunua dawa bila kumwuliza mgonjwa.

Tangu siku hiyo msomaji husimama penye mwanga, uso wazi, na mahubiri huandikwa karatasini. Bibi yule alirudi, akakaa benchi la mbele mpaka Bwana alipomwita.

Wenye kubuni vyombo nao wahitaji somo hili. Mashine ya kusikia isiyo na betri ni pambo tu sikioni, na unyevu wa pwani yetu huiharibu upesi. Huko Otse, nchini Botswana, viziwi wenyewe walifanya kazi ya kutengeneza mashine ambazo betri zake huchajiwa kwa jua. Na hapa kwetu, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, asiyesikia aweza kutuma fedha kwa kuandika, bila kuombea mtu amsemee.

Tena wako wale ambao lugha yao ni ishara, kama watoto wa shule ya viziwi ya Kwale. Katiba ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Je, Bunge liwe na nafasi yao, na nyumba ya Mungu isiwe nayo?

Mtazameni Bwana Yesu. Alimtenga yule kiziwi na umati, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akainua macho mbinguni. Kabla ya kutamka neno la kumponya, alisema naye kwa namna ambayo angeielewa.

Tuombe. Ee Bwana, utufungue sisi kwanza, tujue kuuliza kabla ya kutoa. Amina.