Mtoto Aendaye Nasari kwa Mara ya Kwanza



Mwezi wa Januari shule zifunguliwapo, njia za Kondele na Nyalenda, na za vijiji vya Seme na Nyakach, hujaa watoto wadogo waliovaa nguo mpya. Wengine wana umri wa miaka minne tu. Kabla ya saa tatu vilio vimekwisha kuanza madarasani. Vilio hivyo si utundu wala si ujinga. Mtoto hulia kwa kuwa ameachwa mahali asipopajua, na mtu asiyemjua, na huenda hata maneno aambiwayo hayaelewi.

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto asiyejua herufi ataaibika, basi humkalisha jioni na kumkemea, mpaka akachukia kitabu kabla hajakishika. Kazi hiyo ni ya mwalimu. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu shule ya serikali impe mtoto mtihani ili kuamua kama ataandikishwa au atakataliwa.

Jambo kubwa zaidi ni lugha. Kanuni ya mafundisho katika Kenya ni kwamba watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo. Huko Nyakach au Rusinga lugha hiyo ni Kijaluo, na mtoto husikia shuleni maneno yale yale ya nyumbani. Mjini Kisumu mambo ni mengine. Darasa moja huweza kuwa na Mjaluo, Mluhya, Mkisii na Mnubi, na mwalimu hunena nao kwa Kiswahili, au pengine kwa Kiingereza. Mama aliyehamia Manyatta mwezi wa Desemba akumbuke kwamba mwanawe, ambaye nyumbani husema “adwaro pi” akapewa maji, atakaa na kiu darasani asipojulikana asemalo. Yafaa afundishwe maneno machache: jina lake, jina la mama yake, “nataka maji,” “nataka kwenda chooni,” “naumwa.” Maneno hayo huondoa hofu kuliko herufi zote. Wala asiachishwe Kijaluo kwa ajili hiyo. Mtoto aliyezoea kusimulia kwa lugha ya mama huipata lugha ya pili kwa wepesi.

Wazee wa Kijaluo walikuwa na siwindhe, yaani nyumba ya nyanya, ambamo watoto walikusanyika usiku kusikiliza hadithi na kutegana vitendawili. Humo mtoto alijifunza kuketi, kunyamaza mwenziwe anenapo, na kungoja zamu yake. Mwalimu wa nasari hataki zaidi ya hayo siku ya kwanza! Nyanya aliye hai leo na asimulie. Na mbegu za mchezo wa ajua humfundisha mtoto kuhesabu bila kiboko.

Kuna pia habari ya kuagana. Mama auzaye omena huondoka alfajiri ili awahi mashua, na wako wanaonyemelea mlango ili mtoto asiwaone. Mtoto adanganywaye hivyo kesho yake hushika nguo ya mama kwa nguvu zaidi. Ni afadhali aagwe, aambiwe nani atakuja kumchukua, na ahadi itimizwe. Majuma machache kabla ya shule aachwe kwa shangazi au jirani kwa saa moja, kisha asubuhi nzima.

Baba naye apite njia ya shule pamoja na mtoto mara mbili tatu, kwa maana pikipiki za mjini hazimngoji mtu. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe mapema. Kitabu cha kliniki kitazamwe kama chanjo zimetimia. Ile ya pili ya surua hutolewa mtoto afikapo miezi 18. Mtoto aogaye ziwani, akilalamika tumbo, apelekwe zahanati, kwa kuwa kichocho kipo kando ya Ziwa na dawa yake ipo. Mara nyingi aitwaye mvivu ni mgonjwa.

Mwisho ni choo. Watoto wengi hujikojolea kwa kuogopa shimo, si kwa kutojua. Mzazi aende na mtoto akaone choo cha shule kabla ya siku yenyewe. Akikuta tundu kubwa lisilofaa mtoto mdogo, apeleke neno hilo katika mkutano wa wazazi na kwa serikali ya kaunti, ambayo Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kazi ya shule hizi.