KWA NINI NAFANYA KAZI HII
Maneno ya mwanasaikolojia kwa vijana na wazazi, Mtopanga, baada ya tarawehe



Ndugu zangu, wazazi wangu, watu huniuliza: "Umesoma kote huko, kisha ukachagua kazi ya watu wanaotaka kujiua. Hukupata nyingine?" Leo nitawajibu, inshaallah.

Nilipokuwa kijana tulimzika mwenzetu wa maskani. Jina nalisitiri. Tuliambiwa aliugua ghafla, na sote twajua sivyo. Kabla ya hapo aliacha mpira, akagawa viatu vyake, akawa hafuturu na wenziwe. Siku moja akaniambia, "Nimechoka." Nikamjibu, "Nani hajachoka? Wewe swali tu."

Wallahi, jibu langu hilo ndilo lililonipeleka kusoma saikolojia. Swala ni nguzo ya dini, lakini mimi niliitumia kumfungia mlango.

Kujiua ni haramu, hapo hatubishani. Suratun-Nisaa, aya ya 29, yatukataza. Lakini hebu isomeni mpaka mwisho: baada ya katazo, Mola anatukumbusha kuwa Yeye ni Mwenye kuturehemu. Sisi twakomea kwenye katazo. Basi mwenye maumivu asikia hukumu, rehema haisikii, naye anyamaza.

Sheria nayo ilimnyamazisha. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa kufungwa hadi miaka 2. Ni Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu hicho chapingana na Katiba. Na Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, wakiwemo vijana kama nyinyi.

Sasa tufanyeje? Ukimuona mwenzio amejitenga, halali, agawa vitu vyake, au asema yeye ni mzigo kwa watu, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Usiogope, mtu hapati wazo hilo kwa kuulizwa. Mara nyingi hupumua. Kisha nyamaza, msikilize. Usimuache peke yake, muondolee vitu vya kujidhuru, mfikishe hospitali. Port Reitz, kule Changamwe, wana wodi ya maradhi ya akili. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Dua na dawa hazigombani. Mtume wetu (SAW) ametuamrisha tujitibu.

Na wewe unayesoma haya moyo umekuelemea: kusema si upungufu wa imani. Nabii Yaakub (AS) alimlilia mwanawe mpaka macho yakapoteza nuru, naye ni Nabii. Mwambie mtu mmoja, leo, kabla ya daku.

Yule mwenzetu siwezi kumrudisha. Lakini mwombeeni dua usiku huu, manake miaka yote hii wengi wetu twaona haya hata kumtaja.

Wabillahi tawfiiq.