Kipunji ndani ya boksi

Juma hili tuzungumzie uhalisia pepe, yaani vyombo vinavyomwonyesha mtu mahali asipokuwapo kana kwamba yupo.

Viko vya namna nyingi, nitataja vitatu. Cha kwanza ni kofia yenye kioo kidogo mbele ya kila jicho. Ukigeuza kichwa, picha nayo hugeuka. Ile ya Ivan Sutherland wa Marekani, mwaka 1968, ilikuwa nzito hata ikaning'inizwa kutoka darini. Cha pili ni chumba ambacho kuta zake ndizo kioo. Kilionyeshwa Chicago mwaka 1992, na gharama yake ni ya vyuo vikuu. Cha tatu ni boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, ambamo hutiwa simu. Google ilileta lake mwaka 2014, ikaacha kuliuza mwaka 2021. Lakini ukipata lenzi, hata fundi wa Tukuyu aweza kulikata.

Kwa shule zetu, nasema tuanze na boksi. Kofia moja ya bei kubwa ikiharibika, darasa zima hukaa bure. Boksi likichanika, hukatwa jingine, na simu ya mwalimu yatosha kupokezana.

Ila chombo bila picha ni kibuyu kitupu. Kima aitwaye kipunji, ambaye wanasayansi walimtambua Mlima Rungwe mwaka 2003, wangapi kati ya watoto wetu wamemwona? Tusipompiga picha, wataijua Paris kabla ya Ziwa Ngozi. Wazazi na walimu, tuamue kwanza cha kuonyesha, ndipo tununue cha kuonyeshea.