Mwanafunzi wa Programu katika Kongamano la Wasanidi: Aende na Nini, Akae Wapi, Arudi na Nini

Mada iliyotolewa katika semina ya walimu na vijana wanaojifunza kompyuta, Litumbandyosi, Mbinga



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo miaka ishirini iliyopita lingedhaniwa kuwa halimhusu mtu wa Litumbandyosi hata kidogo, nalo ni namna kijana aliye bado mwanafunzi wa elimu hii anavyopaswa kuhudhuria kongamano la wasanidi wa programu. Rai yangu naitaja mapema ili msikilizaji asihangaike kuitafuta. Faida kubwa ya kongamano kwa mwanafunzi haimo katika hotuba, hata ziwe nzuri namna gani, bali imo katika kufanya kazi meza moja na watu waliomtangulia. Na kwa sababu hiyo siku zilizo bora kwake ni zile za mwisho, ambazo aghalabu wageni wengi hufunga mizigo na kuondoka kabla hazijawadia.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mitambo iliyogharimu fedha nyingi kushindwa kuleta tija iliyotarajiwa; marufuku hayo yalilegezwa baadaye, walakini athari zake zilidumu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kusema Kiswahili. Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulitua Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Mwaka 2018 njia ya umeme wa msongo mkubwa kutoka Makambako ilifika Songea, na mkoa huu wa Ruvuma ambao kwa muda mrefu ulikuwa ukitegemea jenereta za dizeli ukaungwa na gridi ya taifa. Na mwezi Agosti wa mwaka huohuo wataalamu wa programu huria za ramani kutoka pande zote za dunia walikutana Dar es Salaam, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, kwa kongamano liitwalo FOSS4G. Mwaka uliofuata wasanidi wanaotumia lugha ya Python walifanya kongamano lao la kwanza la Afrika nzima mjini Accra, Ghana. Kisha heshima ikaja kwetu: DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar mwezi Novemba 2023, na ya pili ikafanyika Arusha mwezi Agosti 2025. Yaani kijana wa Ruvuma, ambaye zamani angehitaji pasi ya kusafiria na viza ili auone mkutano wa namna hii, sasa anahitaji nauli ya basi, na kwa Zanzibar tikiti ya boti juu yake.

Kwa faida ya wazazi waliokuja kuketi nasi niseme maneno machache kuhusu majina hayo. Python ni lugha ya kuiamuru kompyuta, iliyobuniwa na Guido van Rossum wa Uholanzi na kutolewa kwa watu mwaka 1991. Django ni mkusanyiko wa zana za kujengea tovuti, zilizoandikwa kwa lugha hiyohiyo ya Python. Na hapa pana habari ambayo huniburudisha moyo kila niikumbukapo: Django haikuzaliwa katika miji mikuu ya teknolojia, ila ilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence, mji wa kiasi katika jimbo la Kansas, Marekani, ambako waandishi wa programu hiyo walikuwa wakibanwa na muda wa gazeti na wakihitaji njia ya haraka ya kujenga kurasa, mwaka 2005 wakaitoa bure kwa ulimwengu wote. Basi mtu asiseme kwamba jambo jema haliwezi kutoka mahali padogo. Vitu hivi viwili havina ada; yeyote aweza kusoma msimbo wake, kuutumia, na kupendekeza masahihisho. Kwa hivyo kongamano lake huwakusanya chini ya paa moja mtu aliyekitengeneza chombo na mtu aliyeanza kukishika juzi, na huyu wa pili ana haki ya kumwuliza wa kwanza neno lolote.

Kongamano lenyewe huwa na desturi zake. Zipo hotuba kuu, ambazo watu wote huzisikiliza kwa pamoja, zipo hotuba za nusu saa au zaidi kidogo, juu ya mambo mahususi, zipo hotuba fupi za dakika tano, ambazo mtu yeyote, hata mwanafunzi, aweza kuomba nafasi na kusimama, zipo warsha, na mwishoni huwekwa siku za kazi, ambapo watu huketi mezani na kompyuta zao, wakarekebisha hitilafu za programu huria, wakaandika maelezo, au wakatafsiri. Hotuba nyingi hurekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti, kiasi kwamba aliyekosa leo ataziona kesho. Najua mtaniambia kwamba kutazama video hula bando, na bando ni fedha; kweli, lakini ni fedha kidogo mno mbele ya gharama ya safari ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea hadi Dar es Salaam. Mtu asisafiri mwendo huo kwa ajili ya kitu ambacho angeweza kukipata kwa bando la wiki.

Kisichopatikana kwa bando ni watu. Eric Holscher, mmoja wa waandaaji mashuhuri wa makongamano haya, aliwahi kuweka kanuni ambayo sasa hutangazwa katika mikutano mingi: watu wanaposimama kwa duara wakizungumza, waache daima nafasi ya mtu mmoja, ili apitaye aione na aingie bila kuomba radhi. Kwetu sisi tuliolelewa katika desturi ya kumsogezea mgeni kigoda, kanuni hiyo haina ugeni wowote. Naitaja kwa sababu kijana wa kijijini, akiisha kufika mahali penye wageni na Kiingereza kingi, hushikwa na haya, akajibanza pembeni na simu yake tangu chai ya asubuhi hadi magharibi. Aitazame nafasi ile kwenye duara, aingie, ataje jina lake, atokako na anachojifunza. Aghalabu hayo matatu yatosha.

Sasa nije kwenye siku za kazi, maana ndipo ulipo moyo wa mada yangu.

Katika kongamano mojawapo la nchini petu niliketi meza moja na kijana kutoka nyanda hizi za kusini, aliyekuwa ameandika programu ndogo ya kupokea kumbukumbu za kahawa: jina la mkulima, tarehe, na uzito wa gunia kama ulivyosomwa kwenye mizani ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ili mwisho wa msimu kila mkulima ajue jumla yake bila kugombana na daftari. Programu ilikuwa ikifanya kazi kwa magunia mengi, halafu ghafla ikakatika na kumwaga kwenye kioo mistari mingi ya maandishi ya hitilafu. Kijana, kwa ada ya msomaji wa kitabu, alikuwa akiisoma kuanzia juu, akakutana na majina ya mafaili ambayo hakuyaandika yeye, akahuzunika. Jirani yake mezani, dada mwenye miaka mingi katika kazi hii, akauliza kama anaweza kutazama. Hakuigusa kompyuta. Aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho kabisa, akasema, "Mdogo wangu, anzia hapa, kisha panda." Kwa maana Python, inapoeleza hitilafu, hupanga mwenendo wa mambo tangu mwanzo hadi pale ilipokwama, na sababu yenyewe huiweka chini. Mstari ule ulisema kwamba maandishi "45,5" hayawezi kugeuzwa kuwa namba. Karani wa mizani alikuwa ameandika mkato mahali pa nukta.

Kijana alifurahi, akataka mara moja kuurekebisha uzito ule mmoja kwa mkono aendelee na mambo mengine. Dada akamzuia kwa swali: "Na karani wa kesho je?" Kijana akanyamaza kitambo. Kisha, kwa mikono yake mwenyewe, akaandika sehemu ya kukagua uzito pale unapoingizwa, ili mkato ugeuzwe nukta, na chochote kisichosomeka kikataliwe kwa maneno ya Kiswahili yaliyo wazi, karani akiwa bado yuko mbele ya gunia na aweza kuusoma uzito upya. Hayo yote hayakuchukua hata saa nzima. Walakini ndani ya muda huo kijana alijifunza kusoma hitilafu, akajifunza kwamba kosa la mtumiaji ni jambo la mwandishi wa programu kulitazamia, na fauka ya hayo akaona jinsi fundi anavyofikiri, jambo ambalo hotuba haiwezi kulionyesha, kwa sababu mhutubu huleta kazi iliyokwisha kunyooka.

Wazazi wa Umatengo, hapa kwetu Mbinga, wanalifahamu hili kuliko mimi. Hakuna mtoto aliyejifunza kilimo cha ngoro, yaani cha mashimo ya mlimani, kwa kuhutubiwa. Alisimama mlimani, akamwona baba akiyapanga majani yaliyofyekwa katika miraba, akamwona mama akichimba na kuyafunika kwa udongo kabla ya kusia maharage, naye akapewa jembe akiwa bado hajui.

Kutokana na hayo, kijana anayekusudia kwenda asiende mikono mitupu. Aende na kazi yake aliyoianza, hata kama ni dhaifu na haijakamilika. Tena kazi iliyokwama ni bora zaidi kwa shughuli hii, maana humpa mwenzake mahali pa kushika. Na asiyekuwa na kazi yake mwenyewe, zipo kazi za jumuiya zinazomsubiri. Kiswahili kimo katika lugha za Django, na kwa kuwa toleo jipya hutoka takriban kila miezi minane, likiwa na maneno mapya ya kufasiriwa, kazi ya tafsiri haina mwisho. Nani aliye na haki zaidi ya kuifanya kuliko sisi?

Kuhusu gharama, nisifiche kwamba ni nzito: nauli, malazi, chakula na kiingilio. Lakini makongamano haya huwa na ruzuku kwa wasiojiweza, na jumuiya kama Python Software Foundation, iliyoundwa mwaka 2001, na Django Software Foundation ya mwaka 2008, zimewahi kutoa fedha kusaidia mikutano ya namna hii. Maombi hufungwa miezi kadhaa kabla ya mkutano, na kijana anayesubiri mpaka tangazo lienee mitaani huwa amekwisha kuchelewa. Katika kuomba aandike kweli tupu: anajifunza nini, amejenga nini, na akirudi atawafundisha akina nani. Na binti zetu nawahimiza kwa namna ya pekee, kwani tangu mwaka 2014, wanawake wawili kutoka Poland walipoanzisha warsha ya Django Girls mjini Berlin, imekuwa desturi katika makongamano mengi kutenga siku nzima ya kuwafundisha wanawake wanaoanza, bila malipo. Mzazi anayesita kumpeleka binti yake kwa hofu ya ugeni wa mahali asome kwanza kanuni za maadili za kongamano, ambazo hutangazwa mapema na kutaja kwa uwazi pa kupeleka malalamiko.

Neno moja la matumizi, kabla sijafika mwisho. Kwenye ukumbi wa kongamano mara nyingi intaneti huwa ya kutosha. Kijana apakue humo maelezo yote ya Python na ya Django, ambayo hutolewa bure yakiwa mafaili kamili ya kusomea nje ya mtandao, ayaweke kwenye flashi na kuja nayo. Shule yenye kompyuta tatu na intaneti ya kusuasua itafaidika na flashi hiyo kwa mwaka mzima.

Sasa nawageukia wenye uwezo: viongozi wa AMCOS, wakuu wa shule, na waheshimiwa wa halmashauri. Nawaomba mfanye mambo mawili. La kwanza, mnapomchangia kijana safari, mchangieni pamoja na siku za mwisho. Msikate posho siku hotuba zinapokwisha, mkamlazimisha kupanda basi saa ileile ambayo elimu yake inaanza. La pili, mumwekee sharti la kurudi na kuketi na wenzake mezani, kompyuta zikiwa wazi, wiki kwa wiki, mpaka angalau mwingine mmoja aweze kuisoma hitilafu kuanzia mstari wa mwisho. Kumbukumbu za kahawa ya Mbinga zipo, mizani ipo, na makarani wapo. Kazi ya kwanza ya mezani isitafutwe mbali. Nami niko tayari kuanza Jumamosi ijayo katika darasa hilihili, kwa yeyote atakayekuja na kazi yake iliyokwama.