Tumbo Langu, Kahawa na Jirani Yangu

(Mazungumzo ya mhudumu wa jamii katika mkutano wa afya wa mtaa)



Maneno haya niliyasema mbele ya wazee, akina mama na vijana wa mtaa wetu. Nimeombwa niyaandike ili yakufikie na wewe ambaye hukuwepo.

Mimi ni mtoto wa Kivu ya Kusini, nchi ya kahawa. Nilipofika kambini huku Tanzania sikuiacha. Kila asubuhi, kabla ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, nilikunywa kikombe kikubwa cha kahawa ya maziwa kwa mama mmoja jirani. Baada ya muda tumbo lilikuwa likinguruma, likijaa gesi na kuniuma, kisha nakimbilia chooni. Nilimeza dawa ya minyoo, haikusaidia kitu. Rafiki akaniambia, "Yule mama anakutilia sumu." Nami niliyesoma sekondari nikaamini. Wiki tatu sikumsalimu.

Mwuguzi aliniuliza swali moja tu: "Asubuhi unakunywa nini?" Akanishauri niache maziwa wiki mbili, kahawa niendelee nayo. Tumbo likatulia. Nilipojaribu tena kikombe chenye maziwa, shida ilirudi siku ile ile.

Sababu ni hii. Maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi. Utumbo wa mtoto mchanga hutengeneza laktase, yaani kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo. Kwa watu wengi laktase hupungua baada ya utoto. Ndivyo ilivyo kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani. Sukari isiyovunjwa hufika utumbo mpana, bakteria huichachusha, na hapo ndipo gesi, maumivu na kuharisha hutokea. Hali hii haiambukizi. Ndiyo maana watu wawili hunywa kutoka birika moja, mmoja akaumwa na mwingine asiumwe.

Basi ewe mpenzi wa kahawa, fanya hivi:

1. Kunywa kahawa bila maziwa. Ukiona chungu, tia sukari au tangawizi. Mimi ilinichukua siku kadhaa kuizoea.

2. Usidanganyike na kuchemsha. Kuchemsha maziwa huua vijidudu, nako ni lazima, lakini laktosi hubaki. Imo pia katika maziwa ya unga na ya mbuzi.

3. Jaribu maziwa ya mgando. Humo sehemu ya sukari imekwisha kuliwa na bakteria, na wengi huyavumilia. Wengine huweza pia maziwa kidogo pamoja na chakula.

4. Ukiacha maziwa, kula dagaa pamoja na mifupa yake, na mboga za majani, ili mifupa yako isidhoofike.

Tahadhari: mtoto mchanga asinyimwe titi kwa sababu ya maneno haya. Mtoto aliye katika mpango wa lishe aendelee kula anachopewa mpaka mhudumu wa afya aseme vingine. Na si kila kuharisha ni maziwa. Ukiona damu, homa, kukonda, au kuharisha maji maji mfululizo, nenda zahanati mara moja, usingoje kesho.

Nilikwenda kumwomba radhi yule mama. Alinyamaza kidogo, kisha akanimiminia kahawa chungu. Akasema, "Mwanangu, ungeniuliza tu." Nilikosa la kujibu.

Ndugu yangu, sisi tumeshaona kule tulikotoka jinsi uvumi unavyomgeuza jirani kuwa adui. Tusiupe nafasi hapa. Tumbo likikuuma, kabla ya kutaja jina la mtu, angalia kwanza kilichokuwa kikombeni, kisha mwulize mhudumu wa afya.